Fedha za Msimu Mmoja

Lupaso, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Masasi na vya juu uwandani Newala, fedha za maana huingia mara moja kwa mwaka. Korosho huanza kudondoka kuelekea Oktoba. Huokotwa, hunyofolewa kwenye mabibo, huanikwa, kisha hupelekwa kwenye ghala la chama cha msingi. Tangu msimu wa 2007/08 zao hili huuzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani: mkulima hukabidhi mzigo, hupewa karatasi, hungoja mnada, halafu malipo, makato yakishatolewa, huingia benki. Baada ya hapo kuna miezi mingi ya kuishi na kile kilichobaki.

Ndiyo maana huku utunzaji wa fedha ni jambo la mila kabla halijawa la benki. Msimu ukilipa vizuri, fedha hugeuzwa haraka kuwa bati, saruji, mbuzi au pikipiki. Mtu wa nje huuita ubadhirifu. Mimi naona busara, kwa kuwa bati lililokwisha pigiliwa haliombwi na shemeji mwenye shida. Sehemu nyingine huenda kwenye jando na unyago. Wanaotoa leo hutarajia kuchangiwa kesho mtoto wao akichezwa, na familia isiyochangia wenzake hujikuta peke yake siku ya msiba. Kwa mtu asiye na bima, hiyo ni akiba halisi.

Tatizo huanza korosho zikiisha. Sare za shule hutakiwa Januari, mvua huleta palizi na malaria, na kufikia Juni mikorosho inadai dawa ya salfa. Hapo hutokea kangomba: mnunuzi asiye na kibali humpa mkulima fedha mapema, ili alipwe korosho msimu ukifika, kwa bei iliyo chini mno ya ile ya mnadani. Mwishoni mwa 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kuzisomba, uhakiki ulifika hadi mashambani kuwasaka wenye kangomba. Wanyonyaji wapo, na wanaumiza watu. Lakini mama aliyepokea fedha zao mtoto akiwa hospitalini hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Benki, kwa mkulima wa huku, ni njia ya kupitishia malipo. Lupaso ndiko alikotoka Rais Benjamin Mkapa, na ndiko alikozikwa Julai 2020. Katika utawala wake, mwaka 1997, benki ya NBC iligawanywa na benki ya NMB ikazaliwa. Hata hivyo, anayetaka mkopo mdogo wa wiki tatu hatafuti tawi la benki. Huenda kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa.

Kikoba nacho kina adabu zake. Wanachama, wengi wao wanawake, hukutana siku maalumu na kukaa duara. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Kila mmoja hununua hisa mbele ya wenzake, na kitabu chake hupigwa mhuri wote wakitazama. Mchelewaji hulipa faini. Mfuko wa jamii hutengwa kwa ajili ya ugonjwa na misiba, na mkopo hutolewa hadharani, huku mwombaji akisema atafanyia nini. Uwazi huo ndio dhamana, kwa sababu hati ya shamba hana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 sasa inavitaka vikundi hivi visajiliwe. Ni jambo jema, mradi usajili usije ukageuka safari za nauli kwenda wilayani.

Jambo ambalo vikundi vingefaa kulijadili zaidi ni tarehe ya kugawana. Kikoba kinachovunjwa Desemba humpa mwanachama fedha wakati kila nyumba ina za korosho, nazo huishia sikukuu. Kinachovunjwa Juni humfikishia fedha akiwa anahitaji salfa, kabla mtu wa kangomba hajapiga hodi.