Fedha za Afya na Makazi ya Wanyonge: Mazingatio Kutoka Kinakomba

Katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, haki ya kila mtu kupata huduma bora za afya imeandikwa katika herufi (a), na haki ya kupata makazi ya kufaa pamoja na usafi wa kuridhisha imeandikwa katika herufi (b), mstari unaofuata, kana kwamba walioitunga walitambua fika ya kuwa dawa haimfai sana mtu alalaye penye maji. Walakini fedha za haki hizo mbili hazikai ujirani kama zilivyokaa haki zenyewe. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pa ile bima ya hospitali iliyoasisiwa mwaka 1966. Kisha hukatwa asilimia 1.5 nyingine, na mwajiri wake akatia kadiri iyo hiyo, kwa ajili ya nyumba za bei nafuu chini ya sheria ya mwaka 2024; na fedha hizo, ingawa zimetoka katika mfuko wa mtu yule yule na siku ile ile, zikishafika Nairobi hazionani tena. Muradi wa makala haya ni kueleza jinsi fedha za afya zinavyoweza, kwa halali na kwa faida, kumsaidia mnyonge akae salama katika nyumba aliyopanga au aliyostiriwa, bila ya idara ya afya kugeuka kuwa mwenye nyumba.

Wadi ya Kinakomba, katika eneobunge la Galole, kaunti ya Tana River, imenyooka na mto Tana, na mto huo ndio riziki yake na ndio msiba wake. Wapokomo wa huko hulima ndizi, mahindi, mpunga na miembe katika udongo ulioletwa na maji. Jirani zao Waorma na Wawardei huteremsha ng'ombe wao mtoni nyika inapokauka. Na wote hao, wakulima kwa wafugaji, huyakimbia maji yale yale mvua za bara zinaposhuka na mabwawa ya juu, Masinga na wenziwe, yanapofurika. Mafuriko ya mwaka 1961 yangali yakitajwa na wazee. Yakaja yale ya 1997 hadi 1998, ya 2018, ya mwisho wa 2023, na kabla watu hawajakausha magodoro, yale ya Aprili na Mei 2024. Nyumba ya fito na udongo haihimili maji hata kwa siku chache: udongo huyeyuka, fito husimama uchi, na mwenyewe hupanda mahali pa juu na kilichosalia. Baadhi yao hupiga mahema kando ya barabara, baadhi huingia kwa jamaa, na wale wenye chochote mkononi hupanga chumba mjini Hola, wakawa wapangaji watu ambao tangu enzi za mababu hawakupata kumlipa mtu ijara.

Na tukitazame chumba hicho kwa karibu, kwa kuwa ndani yake ndimo ilimo hoja yangu nzima. Kuta ni za udongo au za mabati, dirisha ni tundu lisilo na wavu, na baina ya kilele cha ukuta na paa pana uwazi wa upana wa kiganja unaowapitisha mbu usiku kucha. Chandarua kipo, kimetolewa bure na serikali kwa mama mjamzito. Lakini katika hema hakuna pa kukifunga, na katika chumba wamelala watu saba ambapo chandarua chafunika watatu. Katika pembe amelala bibi anayekohoa kwa mwezi wa pili sasa, na ubavuni mwake wajukuu. Choo ni kimoja kwa vyumba vingi, na mvua ikinyesha hujaa. Mtoto wa chumba hiki akipatwa na homa hupelekwa zahanati, akapimwa, akapewa dawa ya malaria bila ya malipo, na gharama yake ikalipwa na hazina ya afya ya msingi. Jioni hurejeshwa katika chumba kile kile, na baada ya wiki chache akarejea zahanati. Kwa hiyo asemaye kwamba fedha za afya hazihusiki na nyumba amesahau kuwa zimekwisha kuilipia nyumba ile mbovu mara nyingi, ila zimeilipia kwa njia iliyo ghali kupita zote.

Kuyaunganisha makao na tiba si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1976 huko Wajir, mwanamke Mwitaliano aitwaye Annalena Tonelli, aliyekuja Kenya mwaka 1969 na kujitolea maisha yake kwa maskini, alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji wahamaji. Shida yao ilikuwa dhahiri: tiba ya siku zile ilichukua mwaka mmoja hata mwaka na nusu, ilhali mfugaji hawezi kukaa penye hospitali muda huo wote na mifugo ikafa, basi akipata nafuu kidogo huondoka, dawa zikakatika, maradhi yakarudi na usugu. Tiba mpya ya miezi sita ilikuwa imepatikana, lakini ilihitaji mgonjwa asikose hata dozi moja. Tonelli aliwaita wagonjwa waje na vibanda vyao wenyewe, vile vya mikeka na fito vinavyobebwa juu ya ngamia, wavisimamishe katika uwanda ulioelekea kituo alichokuwa akihudumu, na hapo wakawa wanameza dawa kila siku mbele ya macho ya muuguzi mpaka muda utimie. Wizara ya Afya iliona manufaa ya mpango huo, ikauchukua na kuueneza katika wilaya nyingine za wafugaji, na vikao hivyo vikajulikana kwa jina la manyatta za kifua kikuu. Na wapo wataalamu wanaouhesabu kuwa miongoni mwa asili za utaratibu wa kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa uliokuja kuenea duniani.

Naomba msomaji azingatie ni kitu gani hasa kilicholipiwa pale. Kibanda kilikuwa mali ya mgonjwa, na hakuna aliyetozwa kodi wala aliyelipiwa. Fedha za afya zilinunua dawa, zikamlipa mtu wa kumtazama mgonjwa kila siku, na zikamhakikishia mahali pa kukaa kwa utulivu bila ya kufukuzwa mpaka apone. Sisemi kwamba manyatta zilikuwa pepo: kumtenga mtu na kundi lake la ng'ombe kwa miezi ni mzigo, na mke aliyebaki nyikani na watoto aliubeba bila ya kuandikwa katika daftari lolote. Lakini zilithibitisha kwamba mahali anapolala mgonjwa ni sehemu ya dawa yake.

Huko Marekani mjadala huu umefanywa kuwa sheria yenye vifungu na vijifungu. Bima yao ya umma kwa maskini, iitwayo Medicaid, kwa kawaida imekatazwa kulipa kodi ya nyumba na chakula cha mtu aliye nje ya hospitali au nyumba za kulelea wagonjwa. Lakini mwaka 2015 serikali yao kuu ilibainisha kwamba yaweza kulipia huduma za kumtafutia mgonjwa nyumba na kumsaidia asiipoteze: kumjazia fomu, kumsuluhisha na mwenye nyumba, kumkumbusha dawa, kumzoesha kuishi peke yake baada ya miaka ya kulala barabarani. Nyumba yenyewe hulipiwa na hazina ya makazi, na mtu wa kumshika mkono mpangaji hulipiwa na hazina ya afya. Mpango wa namna hii ulitanguliwa na jumuiya moja ya New York iliyoanza mwaka 1992, chini ya mwanasaikolojia Sam Tsemberis, kuwapa nyumba kwanza wagonjwa wa akili wasio na makao bila ya kuwashurutisha wapone kabla ya kupewa ufunguo, na wengi wao walikaa wasihame.

Lakini yapo na ya kuonya. Jimbo la Minnesota, ambako wamehamia maelfu ya Wasomali waliopitia kambi za Dadaab, mwendo usio mrefu kutoka kwetu, lilianza mwezi Julai 2020 kulipia huduma hizo kwa fedha za Medicaid. Ilikadiriwa kuwa mpango ungegharimu kiasi cha dola milioni 2.6 kwa mwaka; mwaka 2024 ulilipa zaidi ya dola milioni 100. Yalizuka makampuni yaliyodai malipo kwa saa za huduma ambazo, kwa madai ya waendesha mashtaka, hazikutolewa, na mwaka 2025 watu wakashitakiwa na mpango wote ukafungwa, pamoja na wale waliokuwa wakihudumiwa kweli. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa katika kulipa kwa karatasi: aliyeandika kwamba amemtembelea mpangaji alilipwa, wala hakuna aliyekwenda kumwuliza mpangaji mwenyewe. Mtu wa Tana River, ambaye ameona msaada wa mafuriko ukigawiwa katika orodha za majina asiyoyajua kijijini kwake, hahitaji kufafanuliwa.

Kuhusu nyumba yenyewe kuwa kinga, ushahidi ulio karibu nasi unatoka Mtwara, kusini mwa Tanzania, ambako watafiti walijenga kwa fedha za wahisani nyumba 110 za ghorofa, zenye kuta zinazopitisha hewa, nyavu za kuzuia mbu, vyoo vilivyo safi na maji ya mvua yaliyohifadhiwa, wakazigawa kwa kura, na watoto wa nyumba hizo wakalinganishwa na wa nyumba 550 za kienyeji. Malaria, kuhara na maradhi ya kifua yalipungua miongoni mwa waliohamia. Huko Gambia, kinyume chake, jaribio la kubadili mapaa na kutia nyavu, lililotolewa matokeo yake mwaka 2021, halikupunguza malaria. Basi nyumba si hirizi, na mwenye kudhani kwamba mabati mapya yatatosha ajiulize kwa nini.

Turudi Kinakomba, ambako hakuna mtu atakayejenga nyumba za ghorofa kesho. Kilichopo ni hiki. Wapo wahudumu wa afya ya jamii, miongoni mwa wale takribani laki moja waliozinduliwa nchini mwezi Septemba 2023, ambao kila mmoja wao amekabidhiwa kaya karibu mia, na posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi hugawanywa nusu kwa nusu baina ya serikali kuu na kaunti. Yupo afisa wa afya ya umma, ambaye Sheria ya Afya ya Umma, iliyoanza tangu mwaka 1921, yampa uwezo wa kuingia katika nyumba isiyofaa na kumwamrisha mwenyewe airekebishe. Lakini uwezo huo, kwa bahati mbaya, ni wa kuamrisha na kuadhibu tu, na mwenye vyumba vya kupangisha akiadhibiwa aghalabu huwatoa wapangaji. Ipo pia sheria ya mwaka 2023 inayoviruhusu vituo vya afya vya umma kubakiza mapato yao wenyewe. Afya imegatuliwa kwa kaunti, kwa hiyo mwenye kuamua yupo Hola, penye serikali ya kaunti.

Ningependekeza kianze kitu kidogo. Kaya iliyohamishwa na mafuriko, yenye mgonjwa wa kifua kikuu, mama mjamzito, mlemavu au mzee asiyejiweza, ihesabiwe kuwa mgonjwa mmoja. Mhudumu wa kijiji aifuate iendako, hata ikipanga chumba cha nje ya eneo lake, maana leo mtu akihama kijiji hupotea katika daftari la mmoja asiingie katika la mwingine. Fedha za afya zilipe wavu wa kuziba uwazi wa paa na dirisha, misumari na kamba ya kufungia chandarua, na dawa ya kutibu maji. Zilipe vilevile safari za mhudumu, kwa kuwa posho ile haitoshi hata nauli ya bodaboda hadi mahema ya mbali. Kodi zisilipe. Kodi ni kazi ya hazina ya makazi na ya misaada ya maafa, na ikichanganywa na dawa, mwaka utakaokuwa na upungufu dawa ndizo zitakazokatwa. Mwenye chumba apewe nyavu kwa sharti la kutopandisha kodi wala kumtoa mpangaji kabla ya matibabu kumalizika, na sharti hilo liandikwe mbele ya chifu. Na malipo ya safari yathibitishwe na mpangaji katika baraza, kwa mdomo wake, asije mtu akalipwa kwa nyumba zilizokwisha kuchukuliwa na maji.

Visiwani Zanzibar serikali imewahifadhi wazee wasio na jamaa katika nyumba za Sebleni na Welezo, na wapo watakaouliza kwa nini Tana River isijenge kama hizo. Jibu langu ni kwamba mzee wa Kipokomo anao jamaa. Anachokosa ni jamaa mwenye chumba kikavu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, kila kaunti huwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka ifikapo tarehe 1 Septemba, na makadirio ya matumizi ifikapo tarehe 30 Aprili, wakati mvua za masika zimekwisha kushika na barabara ya Hola haina hakika. Jambo ambalo halimo katika mpango wa Septemba ni nadra kuonekana katika makadirio ya Aprili. Kwa hiyo watu wa Kinakomba wenye kulitaka pendekezo hili wanapaswa kulisema kwa mwakilishi wadi wao na katika vikao vya kukusanya maoni miezi ya Julai na Agosti, mto ukiwa umepungua na kila mtu akidhani kwamba hautarudi.