Softiboli: Kamba yenye mafundo inavyopanga besi

MCHEZO wa softiboli unatarajiwa kurejea katika Olimpiki ya mwaka 2028 ya Los Angeles, Marekani, ingawa mechi zake zimepangwa kuchezwa katika jiji la Oklahoma City. Katika mchezo huo mkimbiaji husalimika au hutolewa kwa tofauti ya unyayo mmoja, hivyo besi iliyowekwa kombo yaweza kuamua mshindi kabla mpira haujarushwa.

Kwa mujibu wa kanuni, umbali kati ya besi na besi ni futi 60, yaani mita 18.29. Utata huanza pale mtu anapouliza futi hizo zinapimwa kutoka wapi hadi wapi.

Kianzio ni ncha ya nyuma ya bamba la nyumbani, upande anaochutama mdakaji. Hapo hupigwa kigingi na kufungwa kamba yenye mafundo matatu: la futi 60, la futi 84 na inchi 10 na robo, na la futi 120. Kamba hunyooshwa kupita katikati ya uwanja, na fundo la pili huonyesha mahali pa besi ya pili. Kisha fundo la futi 120 hushikizwa papo hapo, naye mpimaji hulishika lile la futi 60 na kwenda nalo kulia hadi kamba ikaze. Hapo ndipo ilipo besi ya kwanza. Akirudia upande wa kushoto, huipata ya tatu. Mraba hukamilika bila kifaa chochote cha kupimia pembe. Kanuni ya Pythagoras imo ndani ya kamba.

Wengi hukosea katika kuziweka besi zenyewe, ambazo kila upande una inchi 15. Ya kwanza na ya tatu hulala ndani ya mraba, pembe ya nje ikigusa kigingi. Ya pili, kinyume chake, huwekwa kigingi kikiwa katikati yake. Kwa hiyo anayepima ukingo kwa ukingo, kutoka ya kwanza hadi ya pili, hupata futi 58 na inchi moja na nusu, akadhani uwanja umepunjwa. Kile kipande cha rangi ya chungwa kinachoongezwa kwenye besi ya kwanza, ili mkimbiaji asigongane na mlinzi, hukaa nje ya mstari na hakihesabiwi.

Kosa dogo hukua kwa umbali. Kigingi cha besi ya kwanza kikisogea sentimita 15 kuelekea ndani, mstari wa pembeni ukifika futi 180 huwa umepotoka kwa sentimita 45, na mpira uliokuwa halali huamuliwa kuwa umetoka.