Wahudumu wa Arua na Koboko wanapochoka, mwili husema kwanza

Saa kumi na mbili asubuhi, muulize mkunga anayemaliza zamu ya usiku katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu, upande wa Koboko, kama amechoka. Atakujibu bila kuinua macho kwenye daftari: niko sawa. Lakini mtazame. Mabega yamepanda hadi karibu na masikio. Meno yamebana. Kidole gumba kimeikaba kalamu hadi ukucha umekuwa mweupe, na pumzi anaivuta juu juu, haifiki tumboni. Hajaenda haja ndogo tangu saa sita usiku, na kiu aliyonayo hata haisikii. Mdomo unasema hivi, mwili unasema vile. Sayansi ya afya inatuambia tuuamini mwili.

Makala haya yanawahusu watu wa namna hiyo: wakunga, wauguzi, matabibu, washauri nasaha, walimu wa shule za wakimbizi, na wale wajitolea wa afya wa vijijini ambao Uganda nzima inawaita VHT. Kazi yao ni kuusoma mwili wa mtu mwingine. Wanajua homa kwa kugusa tu, wanajua upungufu wa damu kwa kuangalia kope. Mwili wasioufahamu ni wao wenyewe. Wahenga walisema mganga hajigangi. Hapa kosa linaanza hata kabla ya tiba, kwa sababu mganga hajipimi.

West Nile ni kona ya kaskazini-magharibi ya Uganda, inayopakana na Kongo na Sudan Kusini. Arua ni jiji tangu Julai 2020. Koboko, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi 2005, iko mwendo wa kama saa moja kwa barabara ya lami iendayo Oraba, mpakani. Mapigano yalipozuka upya Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, mwezi Julai 2016, watu walimiminika kwa miguu kuvuka mpaka huo. Makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, wilayani Yumbe, yalianza Agosti mwaka huo, na kabla mwaka haujaisha yalikuwa yamepokea zaidi ya watu laki mbili na nusu. Februari 2017 Imvepi ikafunguliwa kuwapokea waliozidi. Makazi ya Rhino Camp yakapanuliwa. Koboko nayo ina makazi ya Lobule, wanakoishi wakimbizi kutoka Kongo.

Anayewahudumia watu hawa si mgeni wa machungu yao. Wauguzi wengi wa West Nile ni watoto wa familia zilizokimbia zenyewe baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, zikaishi Kongo na Sudan kwa miaka. Katika makazi, wasaidizi wengi wa ushauri nasaha ni wakimbizi: anayemsikiliza mama aliyempoteza mtoto njia ya Yei, Sudan Kusini, naye aliipita njia hiyo hiyo. VHT hana mshahara. Mwaka 2025, misaada ya kigeni ilipopungua ghafla na mgao wa chakula kukatwa, mhudumu ndiye aliyesimama mlangoni kuwaeleza watu kwamba hakuna. Kumwambia mtu mwenye njaa neno hilo siku nzima ni kazi nzito kuliko kubeba magunia.

Shirika la Afya Duniani, WHO, liliuweka uchovu huu wa kazi katika orodha yake mpya ya magonjwa na hali za afya iliyoanza kutumika Januari 2022. Halikuuita ugonjwa. Liliuita hali inayotokana na kazi, yaani msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Lilitaja sura tatu. Kwanza nguvu huisha. Kisha mtu hujitenga na kazi yake moyoni, mgonjwa akawa namba ya kitanda tu, na sauti ikawa kali bila sababu. Mwisho huanza kuamini kwamba afanyalo halina faida. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliieleza hali hii New York mwaka 1974, baada ya kuwaona wajitolea wa zahanati ya bure wakiishiwa mmoja baada ya mwingine. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Hivyo tangu mwanzo hali hii ilionekana kwa wale wanaojitoa kwa moyo, wala si kwa wavivu.

Mwilini mambo huenda hivi. Ubongo ukihisi hatari, huamsha ule upande wa mfumo wa fahamu unaomwandaa mtu kupigana au kukimbia. Mwanafisiolojia Walter Cannon alikuwa ameueleza kufikia mwaka 1915. Adrenalini hupanda, moyo hudunda haraka, misuli hukaza, tumbo huacha kusaga chakula. Muda mfupi baadaye huja homoni ya kotisoli, inayomwaga sukari kwenye damu ili nguvu zisikatike. Ukimkimbia nyoka shambani, mpango huu unakuokoa, na baada ya nusu saa mwili umeshatulia. Tatizo la mhudumu ni kwamba hana mahali pa kuikimbia hatari yake. Mama anavuja damu, gari la wagonjwa halijafika, na ndugu wanapiga kelele dirishani. Yeye anatakiwa asimame palepale, atulize uso, aendelee kufanya kazi kwa mikono miwili. Mwili umejiandaa kukimbia, akili imeuzuia. Kesho tena. Keshokutwa tena.

Hali hiyo ikiendelea miezi na miaka, mwili husahau kurudi chini. Usingizi hukatika saa nane usiku. Shingo na kiuno huuma bila kuanguka popote. Tumbo huchafuka, shinikizo la damu hupanda, mafua hayaishi. Mhudumu hunywa dawa ya maumivu asubuhi, chai ya rangi yenye sukari nyingi mchana, na jioni wengine huongeza kitu kikali zaidi. Ameshajitibu dalili kadhaa bila kukiona chanzo kimoja.

Ubongo wa binadamu una sehemu iitwayo insula, iliyojificha ndani ya mkunjo wa pembeni, ambayo hupokea taarifa kutoka moyoni, mapafuni, tumboni na kwenye misuli. Hisi hiyo ya ndani ndiyo inayotuambia tuna njaa, tuna kiu, moyo unakwenda mbio. Watu hatulingani katika kuisikia. Na mtu aliyezoea kuinyamazisha ili amalize zamu, mwisho haisikii hata inapopiga kelele. Ni kama taa nyekundu kwenye dashibodi ya gari ambayo dereva ameibandika karatasi ili isimsumbue. Mazoezi ya kuusikiliza mwili kazi yake ya kwanza ni kuiondoa karatasi hiyo.

Kazi ya pili ni kuutuliza mwili kwa njia ambayo maneno hayafiki. Huwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo, lakini pumzi unaweza kuiongoza, na moyo hufuata pumzi. Ukivuta hewa, moyo huongeza kasi kidogo. Ukiitoa, hupunguza, kwa sababu mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni, hupata nafasi ya kuushikia breki. Ndiyo maana pumzi ya kutuliza ni ile ya kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta.

West Nile haihitaji kuazima ushahidi wa mbali kuhusu jambo hili. Rhino Camp yenyewe iliwahi kuwa mahali pa jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Global Health. Wanawake 694 wakimbizi kutoka Sudan Kusini, waliokuwa na msongo wa kiasi cha kuonekana, waligawanywa kwa vijiji 14. Nusu ya vijiji ilipata mafunzo ya WHO yaitwayo Self-Help Plus: vikao vitano, mara moja kwa wiki, kwa kikundi kikubwa, sauti iliyorekodiwa katika Kiarabu cha Juba, na kitabu cha picha kwa asiyejua kusoma. Waliosimamia hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa kwa muda mfupi. Zoezi la msingi ni kujituliza: unapozongwa na mawazo, unayatambua, unashusha pumzi, unakanyaga chini kwa nyayo, unajinyoosha, kisha unaangalia kilicho mbele yako. Miezi mitatu baadaye, waliopata mafunzo walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao. Nafuu hiyo haikuwa kubwa mno, lakini ilikuwapo, na ilipatikana kwa gharama ambayo wilaya maskini inaweza kuibeba. Jaribio lile lilikuwa la wakimbizi. Mimi nasema anayewaendeshea wakimbizi vikao hivyo anastahili vyake.

Tuseme mkunga wetu amekabidhi zamu na amekaa kwenye benchi la nje, chini ya mwembe, akisubiri boda. Asifumbe macho kama hataki. Aanze na nyayo: azikandamize ardhini ndani ya viatu, kisigino kwanza, kisha vidole, asikie udongo ukimbeba. Asikie mbao za benchi chini ya mapaja na ubao wa nyuma ukigusa mgongo. Kisha ainue mabega makusudi hadi masikioni, ayakaze kwa nguvu huku akihesabu moja hadi tano, na ayaachie yaanguke yenyewe. Kukaza kwanza ndipo ulegeze ni mbinu ya daktari Edmund Jacobson wa Marekani, aliyeitolea kitabu mwaka 1929, na inafaa kwa sababu misuli iliyokaa imekaza kwa saa nyingi haijui tena kulegea ni nini mpaka ionyeshwe tofauti. Afanye vivyo hivyo kwa taya, halafu ngumi. Sasa avute pumzi puani kwa hesabu ya nne, ishuke mpaka tumbo lisukume mkanda wa sare, na aitoe taratibu mdomoni kwa hesabu ya sita, kama anayepoza uji. Dakika tano zinatosha. Huenda machozi yakatoka. Yaache. Huenda akagundua kwamba ana njaa kali, na hilo nalo ni jibu: aende akale.

Hapa pana tahadhari ambayo walimu wengi wa mazoezi haya huipita haraka. Kwa mtu aliyepigwa, aliyebakwa au aliyeshuhudia mauaji, kuelekeza fikra ndani ya mwili akiwa amefumba macho katika chumba kimya kunaweza kumrudisha kwenye tukio badala ya kumtuliza. West Nile watu wa namna hiyo ni wengi, wakiwemo wahudumu. Kwao, macho yabaki wazi. Waanzie nje ya mwili: wataje vitu vitano wanavyoviona, wasikilize sauti ya jogoo au pikipiki, washike kikombe cha chai na kusikia joto lake. Kifua na tumbo viachwe hadi wakiwa tayari, na anayeona picha za zamani zikimjia kwa nguvu aache zoezi, aende kwa mtaalamu. Hospitali ya rufaa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili.

Wapo watakaosema hizi ni tabia za wazungu. Sikubaliani nao. Nenda mazoezi ya kwaya Jumamosi jioni pale Mvara au Ediofe, jijini Arua. Kuimba ni kutoa pumzi ndefu kwa pamoja, mstari mzima kwa hewa moja, miguu ikikanyaga kwa mdundo na mwili ukiyumba pamoja na ya jirani. Mwanakwaya anaporudi nyumbani mwepesi, sehemu ya wepesi huo imeingia kwa njia ya pumzi na nyayo. Mhudumu aliyeacha kwaya, mpira au kulima bustani yake kwa sababu ya zamu ameacha dawa yake ya zamani, na ni vyema airudie kabla ya kutafuta mpya.

Lakini tusidanganyane. Mwaka 2023 wachunguzi wa mtandao wa utafiti wa afya wa Cochrane walipitia tafiti 117 kuhusu njia za kumpunguzia mhudumu wa afya msongo, mmoja mmoja. Walikuta kwamba mazoezi ya mwili, ya kulegeza misuli na ya kutuliza fikra huenda yanapunguza msongo, hata kwa miezi kadhaa. Uhakika wa ushahidi huo ni mdogo, na sehemu kubwa ya tafiti ilitoka nchi tajiri. Zaidi ya hapo, hakuna pumzi inayoweza kuziba pengo la wakunga wawili wanaofanya kazi ya watano. Mwajiri anayewapeleka watumishi kwenye semina ya kupumua siku moja, kisha akawarudisha kwenye zamu mbili mfululizo bila glavu na bila mshahara kwa wakati, hajawasaidia. Amewatwisha mzigo mwingine: sasa hata kuchoka kwao ni kosa lao, kwa kuwa walifundishwa kutulia.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wakuu wa vituo na maofisa wa afya wa wilaya, Arua, Koboko, Yumbe na kwingineko. Wekeni dakika kumi ndani ya saa za kazi, wakati wa kupokezana zamu, kila anayeingia na kila anayetoka akae, akanyage chini, ashushe pumzi, na aseme hali yake bila kuandikwa. Fanyeni vivyo hivyo kwenye mkutano wa mwezi wa VHT. Baada ya kifo cha mama au mtoto wodini, msimpangie mhudumu yule yule zamu inayofuata. Gharama yake ni daftari la zamu kupangwa upya.

Na wewe mhudumu unayesoma haya: ukiona usingizi umekukimbia kwa wiki mbili, pombe imeongezeka, au umeanza kuwaza kwamba heri ufe, hilo limevuka mazoezi ya benchi. Mwambie mwenzako leo, na uende hospitali ukahudumiwe kama unavyowahudumia wengine. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi usiyaite msongo kabla hujapimwa.