Mawimbi katika Maada Isiyo na Mpangilio

Wimbi ni msukosuko unaosafirisha nishati bila kuihamisha maada yenyewe. Katika maada yenye mpangilio, kama fuwele safi, njia ya wimbi hutabirika. Lakini ukungu, maziwa, mchanga na miamba iliyopasuka havina mpangilio. Humo wimbi hugonga vikwazo vingi na kutawanyika.

Mfano upo Pepa, katika nyanda za juu za Marungu, kusini mwa Kalemie. Mtu akiwasha tochi ndani ya ukungu huona weupe mtupu. Mwanga haukupotea, bali matone ya maji yameuelekeza kila upande. Hapana budi, basi, kutofautisha kufyonzwa, ambako nishati ya wimbi hugeuka joto, na kutawanyika, ambako nishati hubaki ila njia huvurugika.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa udhibiti. Mwaka 2007, I. M. Vellekoop na A. P. Mosk wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, waliugawa mwali wa leza katika sehemu nyingi, wakairekebisha awamu ya kila sehemu hadi zote zikaafikiana nyuma ya tabaka la chembe nyeupe za rangi. Mwanga ulikusanyika kwenye nukta moja, ukali wake ukiongezeka hadi mara 1000. Tabaka halikubadilishwa, kilichorekebishwa ni wimbi. Sharti lake ni maada kutulia: matone ya ukungu husogea, na kipimo cha sasa hakifai punde baadaye.

Mwamba hutulia zaidi. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika, likaua watu na kubomoa nyumba Kalemie. Mwaka 1969 Keiiti Aki alikuwa amekwisha kueleza kwamba mitetemo inayochelewa nyuma ya mawimbi makuu ni mawimbi yaliyotawanywa na kasoro za miamba. Kwa hiyo mkia huo wa tetemeko ni habari juu ya ardhi uliyoipitia.

Chanzo cha tetemeko hakimo mikononi mwa binadamu, wala wimbi lake haliwezi kurekebishwa kama la leza. Hata hivyo, ardhi yaweza kupimwa kabla ya kujengwa. Udongo laini huelekea kuikuza mitetemo kuliko mwamba mgumu. Mjenzi anayeijua tofauti hiyo huchagua kiwanja na msingi ipasavyo.