Mashine Imefika, Mtaalamu Wake Yuko Wapi?

Peter Mansfield, kijana wa London aliyeacha shule akiwa na miaka 15, alipata shahada ya uzamivu katika fizikia mwaka 1962. Hakukimbilia darasani kufundisha. Alikwenda Illinois, Marekani, akakaa miaka miwili kwa mwanafizikia Charles Slichter akichunguza viini vya atomi ndani ya metali. Hapakuwa na mgonjwa wala daktari katika kazi ile. Hata hivyo, kwenye msingi huo ndiko alikoanzia kazi katika Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, na katika miaka ya 1970 kundi lake likapiga picha ya kidole cha mtu aliye hai. Mwaka 2003 yeye na Paul Lauterbur walipewa Tuzo ya Nobel kwa kipimo tunachokiita MRI.

Kwetu miaka hiyo miwili ndiyo inayokosekana. Mtu akimaliza uzamivu leo, kesho anakabidhiwa darasa lililofurika na lundo la mitihani ya kusahihisha. Fizikia ya sumaku anaijua. Bado hajakaa na daktari wa watoto akasikia ni kitu gani hasa anachotaka kukiona kwenye picha, wala hajapata nafasi ya kukosea na kurudia.

Mbarara, Uganda, wameonyesha njia. Johnes Obungoloch alisomea uzamivu Penn State nchini Marekani, akarudi nyumbani. Kwa kushirikiana na wataalamu wa Uholanzi, chuo kikuu cha Mbarara kiliunda mashine ndogo ya MRI palepale chuoni, na ripoti yake ikatoka mwaka 2023. Vifaa vilisafirishwa kwa ndege. Vipande vya sumaku vilichambuliwa kimoja kimoja, kwa kuwa havilingani nguvu, kisha vikajazwa kwenye pete 23, na nafasi kati ya pete na pete ikarekebishwa hadi uga wa sumaku ukakaribia kuwa sawa kila mahali. Wakufunzi walikuwa wanne, na wengine sita hawakuwa wamewahi kufanya kazi hiyo. Picha ya kwanza ilipatikana baada ya siku 11 hivi. Hao sita, kwa maoni yangu, ni mavuno makubwa kuliko mashine yenyewe.

Nguvu ya sumaku hiyo ni militesla 50, yaani moja ya thelathini ya mashine ya kawaida ya tesla 1.5. Haihitaji heliamu ya kuipoza. Walengwa wake ni watoto wenye vichwa vikubwa, ambao daktari wa upasuaji anataka kuona maji yamejaa wapi ubongoni bila kuwapiga mionzi ya CT kila mara.

Tatizo ni kwamba picha zake ni hafifu, na kelele za umeme wa jengo huingia ndani yake. Programu za kompyuta husaidia kuzisafisha, lakini programu iliyofunzwa kwa ubongo wa watu wazima wenye afya inaweza kukosea ikikutana na ubongo wa mtoto uliojaa maji. Wa kulipima jambo hilo ni mtafiti mwenye uzamivu anayelipwa mshahara wa miaka miwili au mitatu, na ofisi yake iwe hatua chache kutoka wodi ya watoto.