Chanjo ya saratani yapangwa kwa hesabu ya dunia, aina ya 35 yabaki nje

Wakulima wa chai wa Bumbuli, katika milima ya Usambara, wanajua kwamba mchanganyiko wa pakiti hupangwa kwa ladha ya mnunuzi wa mbali. Chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi, inayotolewa bure kwa wasichana nchini kote tangu Aprili 2018, nayo imepangwa kwa mtindo huo.

Saratani hiyo huletwa na virusi vya papiloma (HPV), ambavyo aina zake hutambulika kwa namba. Aina za 16 na 18 pekee husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo duniani, na ndizo zilizolengwa na chanjo iliyoanza kutumika nchini. Gardasil 9 imeongeza aina za 31, 33, 45, 52 na 58.

Aina ya 35 haimo katika chanjo zote mbili. Katika hesabu ya dunia haina uzito, kwani hukutwa katika asilimia 2 hivi ya saratani hizo. Kusini mwa Sahara, hata hivyo, hufikia asilimia 10. Mwenye hisa hawezi kuita hiyo chenji.

Hiyo haina maana kwamba chanjo ni hasara. Hata Afrika, 16 na 18 ndizo zinazoongoza kwa kuua. Bei nayo imeshuka: mwaka 2013 Gavi, mfuko unaozinunulia chanjo nchi maskini, ulipata dozi kwa dola 4.50. Mwaka 2024 Tanzania ilihamia dozi moja badala ya mbili, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Pengo lililobaki linamhusu zaidi mama mwenye genge sokoni, ambaye umri wa chanjo ulishampita. Kwake kipimo ni siki. Ikipakwa kwenye shingo ya kizazi, sehemu iliyoanza kubadilika hugeuka nyeupe, iwe imeletwa na 16 au 35. Mabadiliko ya mapema huweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kuchomwa. Gharama ni nauli na siku moja ya kufunga genge. Anayesubiri mpaka atokwe damu huenda akahitaji wiki kadhaa za mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, na genge halina wa kulifungua.