Kaya Hulindwa na Njia Zake

Mgeni anayefika Kaya Kinondo, karibu na ufuo wa Diani katika Kaunti ya Kwale, haingii msituni hivi hivi. Hufungwa kaniki, huelezwa miiko, kisha humfuata mwongozaji wake. Haokoti jani wala jiwe, na hatoki njiani. Kwa Wadigo wanaoutunza msitu huu, masharti hayo si mapambo ya utalii. Ndiyo yaliyouwezesha kudumu huku ardhi ya jirani ikigeuzwa viwanja vya hoteli na nyumba.

Kinondo ni mojawapo ya kaya za Mijikenda, watu wa miji tisa ya pwani ya Kenya. Tangu karne ya 16 wahenga walijenga vijiji vyao katikati ya misitu, miti ikawa ndiyo ngome. Njia za kuingilia zilikuwa chache na nyembamba, adui asipate kupenya. Kufikia miaka ya 1940 wakazi walikuwa wamehama, lakini kaya zilibaki mahali pa makaburi, maombi na mabaraza ya wazee. Mwaka 1992 serikali ilianza kuzilinda kama kumbukumbu za taifa. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza baadhi yake, Kinondo ikiwamo, katika Urithi wa Dunia, na 2009 mila za kaya zikawekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka.

Hadhi hiyo ni kubwa, ila haioteshi mti. Kinondo ina takriban hekta 30 tu. Msitu mdogo namna hiyo ukimegwa ukingoni kwa kuni, nguzo au shamba, jua na upepo huingia ndani, udongo hukauka, na miche iliyozoea kivuli hufa. Ndiyo maana kazi ya kurudisha miti haina budi kuanzia kingoni.

Nayo si miti yoyote. Mwarobaini ni dawa inayopendwa pwani, lakini asili yake ni Asia. Ndege na popo husambaza mbegu zake, na ukishaingia katika misitu yetu huisonga miti ya asili. Miche yake ing'olewe ingali midogo, kwa kuwa mti uliokatwa huchipua tena. Mahali pake paoteshwe mbambakofi, mvule, mkwaju na mtandarusi, kwa mbegu za msitu uleule na kwa idhini ya wazee, ambao ndio wajuao zipi huokotwa na zipi huachwa. Miti ya haraka ya kuni na nguzo ipandwe nje, mashambani, ili mama mwenye jiko la kuwasha asilazimike kuingia kaya.

Upanzi huo utapotea bure njia zisipotengenezwa. Njia ikijaa tope, watu hupita kando, na kila msimu hupanuka. Njia ya mkato nayo huua miche na kumfungulia mlango mkata miti. Dawa yake si saruji. Maji yachepushwe yasitiririke njiani, njia za mkato zizibwe kwa matawi makavu yaliyoanguka humohumo, na wapita njia wa kila siku watengenezewe njia nzuri ya kuzunguka nje ya mpaka. Njia za ndani zibaki nyembamba kama zilivyorithiwa, na wazee waamue ipi wageni waoneshwe na ipi ibaki ya ibada.

Kitalu cha miche na njia, basi, viwe katika bajeti moja. Kijana aliyeajiriwa kuotesha miche ndiye afundishwe kuongoza wageni, na wazee wawe walimu wake, apate kazi na miiko kwa pamoja. Mbambakofi hukua polepole, na anayeupanda leo anawapandia wajukuu. Kaunti, Makumbusho ya Taifa na wafadhili wapange fedha za kumwagilia, kupalilia na kukarabati njia kwa miaka mingi, si za siku ya upanzi peke yake.